Haruka Anapenda Maki

Yai la kumi na moja nalo likagoma. Berthe alilimenya taratibu, akilibembeleza kwa kidole gumba, lakini ganda likabanduka na nusu ya ute wake. Akalibwaga bakulini kwa hasira.

"Mama Bonheur, acha tu," akasema mumewe, Félicien, aliyekaa mlangoni akishona wavu wake wa kuvulia samaki. "Yai iko yai."

"Ya Japon haiko yai tu! Nyamaza!"

Tangu asubuhi alikuwa akifuata video kwenye simu: mikono ya mwanamke wa Kijapani ikiponda mayai, ikiyachanganya na mayonezi, ikiyajaza katikati ya vipande vya mkate laini kama pamba. Maneno hakuelewa hata moja. Na alipofika penye utamu wenyewe, mega za intaneti zikaisha, video ikakatika.

Mkate ndio uliomtoa machozi. Ule wa kwenye video haukuwa na gamba. Wa Kisangani ni mrefu na gamba lake ni gumu, na kila alipojaribu kulikata, kisu kilichanachana mkate wote. Meza ikajaa makombo.

Lakini angeachaje? Kwa miaka saba Bonheur, mwanawe wa pekee, hakukanyaga nyumbani. Sasa karudi kutoka Japani na mke, Haruka, na kwa siku mbili binti wa watu hajagusa ila ndizi na chai. Berthe alimwandalia vyakula vyote vya heshima: makaroni, soseji za kopo, kuku wa barafu. Wapi! Jana Bonheur alimwambia, bila kumtazama usoni, kwamba mambo yakiendelea hivi watahamia hotelini. Hotelini, na mama yake yupo hai!

"Bon, kwao anapendaka kula nini?" Berthe alimuuliza papo hapo.

"Maki," Bonheur akajibu. "Maki tu, mama. Anaweza kula maki kila siku."

Maki! Mayai, kwa Kilingala ambacho Berthe alikisema kabla hajaota meno. Aliposikia hivyo alicheka kwa furaha. Kumbe kazi yenyewe ndogo namna hiyo!

Ndogo gani? Saa saba mchana aliweka sahani mezani, jasho likimtiririka: vipande sita vya pembe tatu, viwili vimepinda, kimoja kinavuja.

Haruka aliinamisha kichwa kwa heshima, akang'ata. Kitu kikalia chini ya jino lake. Ganda. Akatafuna, akameza kwa shida, akatabasamu, kisha akakirudisha kipande sahanini kwa mikono miwili.

Uvumilivu ukamwishia Berthe. "Sasa anataka nini? Bonheur, si wewe ulisema maki? Nimeponda maki, nimekata mukate mpaka vidole vinaniuma, mwanamuke wa video mwenyewe iko Mujapani! Haya, bebeni mizigo, muende kwenye hoteli yenu!"

Akajitupa kitini, akalia waziwazi mbele ya mkwe.

Bonheur alitazama sahani, kisha mayai yaliyochubuka bakulini, kisha mama yake. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "maki ya kwao haiko mayai. Iko wali na samaki, banafungaka mu jani."

Mlangoni, Félicien akaacha kushona. "Samaki mu jani?" akasema. "Si iko liboke yetu?"