Nyundo Ubavuni mwa Mashua

Fundi aligonga ubavu wa mashua ya chuma kwa nyundo, ncha ikazama kwenye maungio kama kisu kwenye sabuni.

Kwa miaka tisa kaka yake, mwalimu mstaafu, alikuwa akiiunda uani, akichomelea vyuma kwa kubahatisha. Kesho yake alitaka kutweka tanga.

Fundi alipapasa lile tundu. Kutu ilimwagika kama unga.

“Niambie tu, mdogo wangu,” mwalimu alisema. “Nilimwahidi shemeji yako kabla hajafumba macho kwamba itafika baharini.”

Fundi alifuta kutu vidoleni. “Haifiki hata mlangoni mwa bandari, kaka. Utazama nayo.”

Mwalimu aligeukia kopo la rangi. Kisha akachovya brashi, akaendelea kuandika jina la marehemu mkewe kwenye omo, mbele ya mashua. 

Fundi akaweka nyundo chini, akamshikia kopo la rangi.