Maksi za Porini

Moto ulikataa mara ya tano. Mshonaji alikuwa amepiga magoti kwenye majani mabichi, macho mekundu, akipuliza moshi uliokuwa ukimrudia usoni. Hatua mbili nyuma yake, Mkuu alichuchumaa na daftari lake, akaandika kitu, akakipigia mstari.

Ananikata maksi, mshonaji akawaza.

Akafungua kopo lake la sindano, akatoa mabaki ya vitambaa, akayachambua nyuzi na kuzifikicha mpaka zikawa laini kama pamba. Safari hii moto ukashika. Mkuu alitikisa kichwa taratibu, akaandika tena.

Mshonaji alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuja porini kutafuta raha. Tangu mumewe afariki, mwanawe wa pekee alikuwa amemkalia kooni ahamie kwake, kwenye chumba cha uani. Mwezi uliopita mama huyo alipotea akitoka kliniki, mtaa aliouzoea miaka thelathini. Alijitetea kwamba walikuwa wamebomoa jengo la kona alilolifanya alama yake. Mwana hakutaka kusikia. Walibishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana: kuna kampuni inayofundisha watu kuishi porini, siku nne, chini ya kiongozi. Kiongozi akisema mama anajiweza, atabaki nyumbani kwake mwenyewe na cherehani yake. Akisema hapana, mama atakabidhi funguo bila neno.

Langoni mwa pori walimsubiri kiongozi saa nzima: mshonaji, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na wachumba wawili walionuniana tangu garini. Ndipo akatokea mwanamume wa makamo, ndevu tele, buti zimelika visigino, begi lake kubwa kuliko yote. Akaomba radhi kwa kuchelewa, akauliza kama wako tayari. Wote wakasimama. Mwalimu akamwita Mkuu, na jina likamganda. Mkuu akasogea pembeni kumpisha mshonaji atangulie, naye akajisemea kwamba huyu mtu kalelewa akaleleka.

Haikuwachukua muda kuizoea namna yake ya kufundisha. Ukimwuliza swali, alilirudisha kama lilivyo. Kwenye njia panda ya kwanza wote walimtazama Mkuu. Mkuu akamtazama mshonaji.

"Mama, unaonaje?"

Mwalimu alimnong'oneza mshonaji kwamba hiyo ndiyo mbinu ya kisasa, mwanafunzi hatafuniwi. Basi mshonaji akakunjua ramani aliyotumiwa na kampuni, akaigeuzageuza kama kitambaa kisichojulikana upande wake wa nje, akaangalia jua, akaonyesha kushoto. Mkuu akaandika, "kushoto."

Siku ya pili walivuka mto uleule mara tatu. Mara ya tatu mwalimu alipiga hesabu zake na kuthibitisha kwamba hiyo ni mito mitatu tofauti. Mkuu hakumsahihisha. Mshonaji ndiye aliyeona chupi ya mchumba wa kike bado imeanikwa kwenye jiwe pale ilipoachwa asubuhi. Akawaambia kuanzia sasa wafunge uzi mwekundu mtini kila baada ya hatua mia. Mkuu akaomba aonyeshwe fundo lile, akalirudia mara nne mpaka akalipata.

Mwenyewe analijua, mshonaji akawaza, ananipima uvumilivu.

Siku ya tatu nyani waliondoka na suruali ya mwalimu, iliyokuwa moja tu. Mwalimu alikaa ndani ya hema akikataa kutoka, na safari nzima ikakwama kwa ajili ya miguu yake miwili. Mshonaji alikata mfuko wa hema, akampima kwa kamba ya kiatu, na kabla chai haijachemka mwalimu alikuwa amevaa suruali ya kijani yenye maandishi "weka pakavu" makalioni. Wachumba walicheka mpaka wakasahau walichokuwa wamenuniana. Mkuu aliuliza, kwa uso mkavu kabisa, kwenye msamba ilipita mishono mingapi, akaandika.

Jioni hiyo mshonaji aliishiwa. Magoti yalimvimba, na kwenye ramani mstari wa njia uliingia katika mkunjo wa karatasi na haukutokea tena. Alimvuta Mkuu kando akamwuliza, bila kuzunguka, kama akishindwa kesho atasema ukweli.

Mkuu akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama jua litachomoza.

"Mama, wewe ukishindwa, sisi tumekwisha."

Mshonaji alijua maneno hayo huambiwa kila mwanafunzi ili apate moyo. Hata hivyo yalimwingia. Asubuhi alijifunga magoti kwa vitambaa, akaamua kufuata mto ulikoelekea, maana maji nayo lazima yaende mahali. Waliteremka mfululizo, mwalimu akichanika na kushonwa njiani, hadi saa saba mchana wakasikia malori. Mbele yao kulikuwa na barabara ya lami, na kando yake, chini ya bango la kampuni palipopangwa wapokelewe, mwanawe ameegemea gari.

Mwana alimkumbatia mamaye, akampa maji, akamkalisha kiti cha mbele. Halafu akamwendea Mkuu bila kuuliza kiongozi ni yupi, kwa ndevu zile na buti zile. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Mshonaji aliacha kuvua viatu akatega sikio.

Mwana alimshukuru, akamweleza habari ya nyumba na ya kliniki, akamwomba asimwonee mtu haya. Yeye kama mtaalamu, kwa siku nne alizomwona mama yake, je, anaweza kuachwa aishi peke yake?

Mkuu akamtazama, akamtazama mama garini, akamrudia kijana.

"Bwana, mimi natengeneza friji," akasema. "Kwani kiongozi si mama yako?"