Antena ya Baba Lusajo

Sheria ilitaka kila mfiwa aishi na marehemu wake, aliyewekwa kwenye kioo cha ukutani, kwa miaka mitatu, sura na sauti, ili amliwaze. Marehemu Ambakisye alikuwa ametimiza mwaka kwenye kioo cha sebuleni siku mkewe, Atuganile, alipoitoa uvunguni televisheni yao ndogo ya kubeba.

Alibadilisha waya uliooza, akaiunga kwenye betri ya gari. Ikawaka, lakini chenga tupu. Kituo kimoja tu kilikuwa bado kinarusha picha za kizamani, kila Jumamosi kama leo.

"Natoka kuzungusha antena," alisema, akaigeuza televisheni ielekee kioo. "Niangalizie."

"Sawa, Mama Lusajo."

Ambakisye alipokuwa hai, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye hukaa ndani, mkewe nje kwenye mlingoti, na dirishani hutoka neno moja: bado. Rudisha kidogo. Bado. Mikono ya Atuganile ilikufa ganzi, akamlaani kimoyomoyo, lakini picha ilipokuja ilikuwa imetulia kabisa.

Leo aliugusa tu mlingoti.

"Hapo hapo," sauti ikasema.

Akaingia mbio. Chenga.

"Mbona hamna kitu, Baba Lusajo?"

"Niliona utachoka."

Atuganile akarudi nje, akazungusha kidogo, akasimama huku ameushika mlingoti, akingoja kuambiwa bado.

"Hapo hapo," sauti ikamwambia, kwa upole uleule.