Gia ya Mbele

"Baba Zita, songa mbele! Kidole changu!"

Emilian aliisikia sauti ya mkewe nyuma ya trekta. Mkewe alikuwa ameinama kati ya gurudumu na plau, akichomeka pini, na sasa chuma kilikuwa kimembana.

Trekta hili jipya la kijiji lilifika Endasak juzi, likapokelewa kwa nyimbo na vigelegele. Lilifanana kama pacha na lile la zamani, lililoharibika, ambalo Emilian ndiye aliyekuwa dereva wake: rangi ile ile, usukani ule ule, hata kiti. Gia tu ndizo zilizogeuzwa. Kwenda mbele unavuta, kurudi nyuma unasukuma. Emilian alimwomba mwenyekiti wa kijiji siku moja tu ya kujizoeza, uwanjani, peke yake.

"Trekta ni trekta, ndugu," mwenyekiti alimjibu. "Mvua haitusubiri."

Basi tangu alfajiri alikuwa akijikumbusha kimoyomoyo, kama mtoto anayekariri sala: kuvuta ndiyo mbele, kuvuta ndiyo mbele. Asubuhi yote hakukosea hata mara moja.

"Songa, baba! Nakufa mimi!"

Mkono ulifika kwenye gia kabla ya akili. Kirungu chake kilikuwa baridi na laini kiganjani, hakina ile mikwaruzo aliyoizoea miaka yote. Mguu ulishaanza kuiachia klachi alipotupa macho chini, akauona mkono wake.

Ulikuwa umesukuma.