Nta ya Mzinga

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Mutuini kulikucha na jua kali, bila hata wingu moja.

Wangeci, mama wa kanisa aliyejitolea kutunza makumbusho ya kijiji, alikuwa akiwaonyesha watoto wa chekechea na mwalimu wao mafiga na vibuyu vya wazee. Mtoto mmoja akaupiga kofi mzinga wa gogo uliolazwa karibu na dirisha.

“Shosho, hii ngoma yako inajibu!”

Wangeci, aliyezoea watoto kumwita shosho, yaani bibi, akacheka, akatega sikio kwenye gogo. Kicheko kikamkauka.

Gogo lilikuwa na joto, na ndani yake kulikuwa na mvumo. Wiki iliyopita aliupaka mzinga nta ili ung'ae mbele ya wageni. Alisahau kwamba wazee walipaka nta kuwaita nyuki, na dirisha alikuwa akiliacha wazi.

Mtoto akaupiga tena. Mvumo ukapanda. Nyuki mmoja akachungulia tunduni, kisha wa pili.

Chumba kilijaa watoto, na mlango ulikuwa mmoja, mwembamba.

Wangeci akavua kitambaa cha kichwa, akaziba tundu, akakandamiza kwa kiganja. Mwiba wa kwanza ukapenya. Alitaka kusali, lakini katika sala zake zote lilibaki jina la Yesu tu.

“Mwalimu, watoe polepole. Asikimbie mtu.”

“Na wewe je, mama?”

Watoto wote walikuwa wakimtazama.

“Mbele yenu na mbele za Mungu,” akasema kwa sauti, “mkono huu siuondoi mpaka mtoto wa mwisho atoke.”