Gololi Ikianguka

Kwenye kioo cha mashine mpya ya pinboli, mchezo wa gololi wa kutia sarafu, ilichorwa bendi kongwe ya roki, na mwimbaji wao, marehemu mume wa mjane aliyesimama mbele ya mashine, akiwa katikati, kijana kama hajawahi kuugua.

Mjane akatia sarafu. Gololi ya chuma ikaruka, ikagonga kengele, ikateremka moja kwa moja shimoni. Hapo spika ikasema kwa sauti ya marehemu: "Basi, mpenzi, twende nyumbani."

Nyimbo kila mtu anazo, lakini maneno hayo mumewe alikuwa akimwambia yeye tu, kwenye maikrofoni, kila onyesho likiisha.

Akatia sarafu nyingine, wala hakugusa vitufe vya kuizuia gololi isianguke. "Basi, mpenzi, twende nyumbani."

Fundi wa ukumbi wa michezo alimkuta analia, akadhani ni uchungu wa kushindwa.

"Pole, mama. Mashine hizi mpya zina roho mbaya. Nipishe kidogo."

Mjane akanyoosha mkono kumzuia, lakini fundi alikuwa ameshageukia mashine. Akainua kioo kinachofunika gololi, akaziba shimo kwa kipande cha mpira, akafunga kwa ufunguo wake.

"Cheza sasa. Haianguki tena hiyo!"

Tenda wema nenda zako: akaondoka akipiga mluzi.

Gololi ikazunguka, ikazunguka, na marehemu akaimba wimbo ambao kila mtu anao.