Matairi Mapana ya Luteni Ésaïe

Virginie aliingia gereji ya karibu na soko la Butembo na kukuta pikipiki yake imelazwa ubavu, gurudumu la mbele limeng'olewa. Aliyeling'oa alikuwa Abdias, mdogo wa marehemu mume wake. Na aliyekaa kwenye benchi akinywa soda na kutoa amri alikuwa Luteni Ésaïe wa jeshi la waasi, aliyemnyang'anya pikipiki hiyo juma lililopita kwa jina la vita.

"Shemeji," Virginie alisema, "hauna hata haya?"

"Mukubwa anaomba pneu za kisasa," Abdias alijibu bila kuinua macho. "Za mupana."

"Hii piki ya kizee haina sura," Luteni akaongeza. "Bananipeleka kufanya kazi Beni. Nikiingia nayo hivi, batu batanicheka."

Kwa pikipiki hiyo ya kizee Virginie alikuwa akienda Mangina kuchukua mafuta ya mawese, kitenge kimefungwa juu ya suruali, watu wakimsema njia nzima. Aliwaacha waseme. Mawese hayo ndiyo yaliyowalisha wanawe na kuwaweka shuleni tangu baba yao afariki. Sasa walikuwa wamefukuzwa shule, na yeye alibeba bidoni la mawese mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Bila pikipiki nyumba yake ilikuwa inaanguka, na Abdias alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alitoka pale akilia kwa hasira. Vita ni vita, mtu anazoea. Lakini shemeji!

Matairi mapana hayakukosekana. Kambini kulikuwa na pikipiki moja kubwa, bado mpya, iliyozama mtoni ikakataa kuwaka, ikaachwa kwenye nyasi. Askari wa Luteni wakaifungua magurudumu na kuyaleta. Abdias akayapima, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mon lieutenant, fourche ya hii piki ni kadogo. Pneu haiingii kati. Inaomba fourche yake yenyewe."

Uma huo wa mbele ukaletwa. Kisha gurudumu la nyuma likagoma: tairi liligusa mnyororo, na mnyororo ungelitafuna kabla ya kufika Maboya, njiani kwenda Beni.

"Ukianguka mu njia, mukubwa, mimi ndiye batafunga," Abdias alisema kwa unyenyekevu mwingi.

Vyuma vingine vikaletwa. Kila siku kulikuwa na kitu kipya kilichokataa kuelewana na matairi yale, na askari walikwenda kambini na kurudi kama siafu. Vyuma vyembamba vya zamani Abdias alivitupa kwenye depo nyuma ya gereji, kwenye kutu na makopo. Luteni hakuvitazama hata mara moja. Yeye alikuwa amemwita mchoraji apake tangi la mafuta rangi nyekundu na kuandika juu yake MOBALI MAKASI, maana yake dume lenye nguvu. Alilifuta vumbi mwenyewe, kwa mkono wa shati lake.

"Hii tanki hapana kuigusa!" aliamuru. "Hii ndiyo piki yangu."

"Ndiyo, mukubwa. Siigusi kabisa."

Soko zima lilijua Abdias anamtengenezea Luteni pikipiki ya shemeji yake. Wanawake wa unga walipomwona Abdias anapita walinyamaza ghafla, na katika soko la Butembo kunyamaziwa na wanawake wa unga si jambo dogo. Hata salamu Virginie aliacha kumpa. Kavira, rafiki yake, alijaribu kumtuliza.

"Wewe tulia, dada. Piki ya kizee na pneu za mupana wapi na wapi? Itamuangusha tu."

Neno hilo lilimwingia Virginie vizuri. Jumapili alipiga magoti mbele ya Bikira Maria na kuomba waziwazi kwamba Luteni aanguke. Asife, hapana. Mguu tu.

Siku ya safari watu walijaa barabarani. Luteni alivaa miwani ya jua, akapanda, akapiga stata. Pikipiki ikanguruma hadi kuku wakakimbia. Virginie alishika rozari na kungoja kwenye kona yenye tope, pale ambapo hata malori hukwama. Matairi mapana yakalikanyaga tope na kupita. Luteni hakuyumba hata kidogo. Alimpungia mkono akatokomea njia ya Beni.

Kesho yake dereva wa lori aliyetoka Beni alisema amemwona Luteni amefika salama, anajivuna mbele ya baa, wasichana wamemzunguka.

Virginie alikwenda gereji moja kwa moja. Safari hii hakulia. Alikuwa na maneno aliyoyapanga usiku kucha, na la kwanza lilikuwa laana.

"Umemutengenezea muzuri, Abdias! Kaka yako anakuona pale alipo! Leo kuanzia hapa hatuko ndugu!"

Abdias alimwacha amalize. Alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akachungulia barabarani upande huu na upande ule. Hakukuwa na askari. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Ile piki yao kubwa haikukufa," alisema. "Ilikuwa tu na muchanga mu carburateur."

Akausukuma mlango wa depo. Ndani, kati ya kutu na makopo, pikipiki ya kizee ilikuwa imesimama, imeunganishwa upya na injini yake na magurudumu yake membamba.

"Nenda utafute bidon moja safi ya kutia mafuta ya piki, shemeji, tuifunge hapo juu. Kintu yako moja tu ndiyo ilienda Beni: tanki."